Mikono Miwili na Ukuta wa Chumbani

Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la rangi kwa muda mrefu kiasi kwamba wateja walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mikono Miwili. Mtu akija kulalamika kwamba ukuta wake umepauka, jibu lilikuwa moja: paka mikono miwili, yaani rangi juu ya rangi. Mlango umechakaa? Piga msasa, paka mikono miwili. Siku moja mwanamume aliingia kununua brashi, maneno yakamponyoka, akaanza kusimulia jinsi ndoa yake ilivyokuwa ikiyumba. Mikono Miwili, bila kuinua macho kutoka kwenye kopo alilokuwa akilikoroga, akamuuliza nyumba yao walipaka rangi lini mara ya mwisho.

Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, nadhifu, mwenye shati lisilo na doa, jambo ambalo kwa muuza rangi ni karibu muujiza. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kwamba kitu kikishafunikwa vizuri, kimekwisha.

Mkewe alikuwa sauti ya kituo kikuu cha mabasi. Alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya maegesho, akitangaza basi lipi linaondoka, lipi limeharibika, na mzigo wa nani umesahauliwa. Maelfu ya watu waliomjua hawakuwahi kuuona uso wake. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, haina haraka, na hata mtu aliyeachwa na basi alijiona kaachwa kwa heshima.

Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Ndugu walishaacha kuuliza, na ukimya wa ndugu unauma kuliko maswali yao. Basi mimba ilipoingia, na ikapita miezi ile ya kuombeana kimoyomoyo, Mikono Miwili akafanya alichozoea kufanya furaha ilipomzidi kimo: akatafuta kitu cha kuonekana. Akanunua kiyoyozi.

Kilikuwa cha kwanza katika jengo lao lote. Fundi alipokuja kukifunga alitaka kutoboa ukuta wa nje, ili bomba la kutolea maji ya mashine literemke moja kwa moja hadi chini. Mikono Miwili alikataa katakata. Ukuta ule wa nje alikuwa ameupaka mwenyewe rangi iitwayo dukani kwao Mchanga wa Dhahabu, na hakuwa tayari kuona mchirizi wa maji ukishuka juu yake kama machozi ya mtoto mchafu.

"Lipitishe ndani," alisema. "Nyuma ya kabati, halafu litokee bafuni. Nani ataliona?"

"Kabla ya kufika bafuni litapanda kidogo, mzee," fundi alisema.

"Likipanda kidogo litafanya nini?"

Fundi alikuwa na kazi nyingine inayomsubiri. Akatazama saa, akatazama kabati, akasema, "Nyumba ni yako."

Kiyoyozi kikanguruma, chumba kikapoa, na habari ikatoka nje ya jengo kabla baridi yenyewe haijafika dirishani.

Wa kwanza kuja alikuwa mama yake Mikono Miwili. Alikuja kumlea mkwewe, kwa maelezo yake mwenyewe, na siku ya kwanza alikilaani kile kidude. Alisema baridi ya mashine inaingia kwenye mifupa na kumfanya mtoto akae vibaya tumboni. Siku ya pili alikaa mlangoni mwa chumba ili, alisema, achunguze. Siku ya tatu godoro lake lilikuwa limetandikwa miguuni pa kitanda cha mwanawe, na ukimuuliza kuhusu mifupa anakwambia mifupa yake imezoea.

Baada yake wakafuata wa kuja kumjulia hali mjamzito. Zamani walimjulia hali kwa simu. Sasa walikuja kwa miguu, jua likiwa kali, wakapanga viti chumbani kama kwenye mkutano, wakauliza "Unaendeleaje?" na kusinzia kabla ya kusikia jibu. Shangazi mmoja alijulia hali kwa bidii hata akawa anakoroma. Ili baridi isivuje, Mikono Miwili aliziba pembe za madirisha kwa utepe wa gundi, ule wanaoutumia wapaka rangi. Nguo zilizofuliwa zikaanikwa humohumo, kwa kuwa mama yake alikuwa amegundua kwamba hewa ya mashine inakausha bila kupausha. Pumzi za watu saba, maji ya kanga na mashuka, vyote vilikaa mle ndani vikitafuta pa kutokea, na pa kutokea hapakuwapo.

Mkewe akaanza kupiga chafya. Halafu macho yakamwasha. Halafu kikaja kikohozi kikavu kilichomkamata kila alipolala, na asubuhi kifua kilikuwa kikipiga mluzi mwembamba. Utotoni aliwahi kuwa na pumu, lakini ilikuwa imemwacha zamani, kama rafiki wa shule.

Kila aliyeketi mle ndani alikuwa na dawa na sababu yake. Shangazi yule wa kukoroma alisema ni husuda. Mwingine alisema mtoto ana nywele nyingi, ndizo zinazomtekenya mama. Mama mkwe alisema mimba ya mvulana ndivyo ilivyo, na jirani wa ghorofa ya chini akasema hapana, hiyo ni ya msichana, wakabishana mpaka chai ikapoa. Kuhusu ile harufu ya soksi mbichi iliyokuwa imeingia chumbani, wote walikuwa na adabu. Hakuna aliyetaka kuuliza ni ya nani.

Mikono Miwili naye alikuwa na jibu. "Ni vumbi la kituoni," alimwambia mkewe. "Moshi wa mabasi, makelele, watu kutoka kila pembe. Omba likizo ukae nyumbani kwenye hewa safi."

"Kituoni sikohoi," mkewe alisema.

"Unakusanya kule, unakuja kukohoa huku."

Hoja ilikuwa na sura ya akili, na aliyeitoa alikuwa na mapenzi ya kweli. Mkewe akaomba likizo. Akawa analala chumbani mchana kutwa, madirisha yamezibwa, mashine inanguruma juu ya kichwa chake. Haukupita muda sauti ikamkauka kabisa, na kwenye kituo wakaweka mtu mwingine aliyetangaza mabasi kana kwamba anawakemea.

Siku Mikono Miwili aliposogeza kabati ili kupisha kitanda cha mtoto, alikuwa peke yake. Nyuma ya kabati aliona madoa meusi. Yalianza karibu na bomba, yakashuka na kusambaa, mengine kama sarafu, mengine kama manyoya ya paka aliyeloa. Aligusa. Kidole kikarudi kimelowa na cheusi. Alijua ni nini, kwa sababu kwa miaka yote aliyokaa dukani alikuwa amewaona wateja wengi wakileta picha za kuta za namna hiyo, na aliwajibu wote kwa maneno mawili.

Akajijibu na yeye.

Mkewe akapelekwa sebuleni siku hiyo, akaambiwa kuna jambo la kumshangaza. Mikono Miwili akapaka ukuta mzima rangi iitwayo Maziwa ya Alfajiri, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina harufu na inafaa kwa vyumba vya watoto. Mikono miwili. Chumba kikang'aa. Wageni wakapiga makofi, mkewe akatabasamu huku akikohoa, na Mikono Miwili akalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Baada ya siku chache madoa yakachungulia kwenye yale maziwa kama nzi.

Akapaka Waridi Lililonyauka. Madoa yakapita. Akapaka Zambarau ya Jioni, na hapo alikuwa ameshagundua jambo ambalo hakulitamka hata kwa nafsi yake: kadiri rangi inavyokuwa nzito, ndivyo madoa yanavyochelewa kuonekana. Mwisho akaleta kopo la Kahawa ya Mfalme, rangi ambayo dukani hainunuliwi na mtu ila wenye baa. Chumba kikawa cheusi kama ndani ya chungu. Mchana ilibidi wawashe taa. Wageni walisema ni fasheni. Mama yake alizunguka akigusa kuta, akasema, "Mwanangu, hapa mtoto akizaliwa atadhani bado yumo tumboni," lakini godoro lake hakulitoa.

Mkewe aliyatazama mabadiliko yale ya rangi bila kuuliza. Mwanamke anayeishi na muuza rangi huzoea mengi. Alimuuliza mara moja tu, kwa ile sauti iliyobaki kama karatasi inayokwaruzwa, "Ukuta una nini?"

"Nautafutia rangi itakayomfaa mtoto," Mikono Miwili akasema, na akaona aibu, na aibu nayo akaifunika.

Ukuta ndio ulioshindwa kuvumilia. Jioni moja alirudi kutoka dukani akamkuta mama yake amekaa kitandani peke yake, mashine imezimwa, na karibu na kabati kuna tundu lenye upana wa sahani.

"Ukuta wako umejichubua," mama yake alisema. "Mchana tumekaa, tukasikia paa! Gamba zima limeanguka. Mkeo akaliokota, akaligeuza, akaliangalia sana. Akalitia kwenye mkoba akaenda kliniki."

"Yuko wapi sasa?"

"Amepiga simu. Ametoka kliniki, amekwenda kazini."

"Kazini? Na hali ile?"

"Nami nilimuuliza hivyo. Akasema anakwenda kupumua."

Mikono Miwili alikwenda kituoni mbiombio. Alipita katikati ya mizigo na moshi, akapanda ngazi za chuma hadi kwenye kibanda cha vioo. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, tumbo limegusa meza, kipaza sauti mbele yake. Alikuwa ametulia. Kifua chake kilikuwa hakipigi mluzi. Juu ya meza, kwenye kitambaa, kulikuwa na lile gamba la rangi, nene kama kipande cha godoro.

"Kaa," alimwambia.

"Mke wangu, vumbi lote hili. Twende nyumbani."

"Hapa napumua. Kaa kwanza." Akalisogeza lile gamba. "Hiki ni nini?"

"Rangi."

"Naona ni rangi. Zipo ngapi?"

Mtu wa fani haachi fani yake hata akiwa matatani. Mikono Miwili akainama, akaonyesha kwa kidole. "Juu hii ni Kahawa ya Mfalme. Inayofuata Zambarau ya Jioni. Halafu Waridi Lililonyauka, halafu Maziwa ya Alfajiri."

"Na hii nyeusi, ya chini kabisa? Dukani kwenu inaitwaje?"

Kule chini, kwenye maegesho, palikuwa pamepungua kelele kwa namna isiyo ya kawaida, lakini Mikono Miwili hakulitilia maanani.

"Hiyo haiuzwi," alisema.

"Uliiona lini?"

"Nilipokuwa nasogeza kabati."

"Ukanyamaza."

"Sikutaka kukutia hofu. Mjamzito haambiwi mambo ya kumtisha."

"Mjamzito haambiwi, ila anavutishwa." Hakupandisha sauti. "Mkunga ameniuliza swali moja tu: wapi unapata nafuu? Nikamwambia, kituo cha mabasi. Akacheka, akadhani natania. Halafu akaniuliza kuhusu chumba, nikamtolea hili gamba. Akasema huu ni ukungu wa majimaji, unatoa vumbi lisiloonekana, na mwenye kifua chepesi kama changu likimwingia kila siku lazima abanwe. Amenipa dawa ya kuvuta. Lakini amesema dawa haitashindana na ukuta. Lazima mjue maji yanatoka wapi, muyazuie, na huo ukungu utolewe, na atakayeusugua asiwe mimi."

Mikono Miwili alilisukuma lile gamba pembeni. Swali alilotaka kuuliza alikuwa amepanda nalo ngazi. "Na mtoto?"

"Mtoto mzima. Amenisikilizisha moyo wake, unakwenda kama cherehani. Amesema yeye anategemea pumzi zangu, kwa hiyo tuzitunze." Akamtazama. "Nilikaa mle ndani mchana kutwa kwa sababu uliniambia kuna hewa safi. Nilikuamini."

Hapo hakuwa na rangi ya kupaka. Alikaa na mikono yake mitupu juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote akasema neno la kawaida kabisa. "Niliogopa. Nikaona nikikifunika, kitakuwa hakipo."

Mlango ukafunguliwa taratibu. Msimamizi wa kituo alichungulia, uso wake wa mtu aliyefika kwenye msiba asiokuwa na uhakika nao. "Dada," alisema, akionyesha taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka chini ya kipaza sauti. "Kiko wazi."

Mikono Miwili aligeuka akatazama chini kupitia kioo. Kituo kizima kilikuwa kimesimama, nyuso zimeelekezwa juu. Wapiga debe walikuwa wamenyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kituo kijengwe. Mama mmoja muuza maji alitia mikono kiunoni akapaza sauti, "Shemeji, kwangua huo ukuta."

Mkewe akakivuta kipaza sauti karibu. "Abiria wa basi la saa kumi na moja," alisema kwa sauti iliyokuwa bado na mikwaruzo, lakini yake, "tunaomba radhi kwa kuchelewa. Palikuwa na tatizo dogo la ukuta. Basi lenu lipo tayari, mlango wa nne."

Kutoka kibandani hadi barabarani, Mikono Miwili alishauriwa na watu wengi kuliko aliowashauri maisha yake yote. Huyu alimwambia atumie siki, yule chokaa, mwingine ahame. Wote walimwita shemeji, kwa kuwa dada yao walikuwa wanaye pale juu, wanamsikia kila siku. Mzee mmoja mwenye mkongojo alimsimamisha akamuuliza kwa upole anafanya kazi duka gani, ili, alisema, asije akaingia kwa bahati mbaya. Miezi mingi baadaye alimuuliza mkewe kama kweli alisahau kuzima kipaza sauti. Mkewe, aliyekitumia miaka kumi bila kukosea, akasema, "Nilisahau."

Mkewe hakurudi nyumbani siku ile. Alikwenda kwa dada yake mkubwa, akasema atakaa huko mpaka ukuta utakapokuwa ukuta.

Fundi aliitwa. Alipofungua kifuniko cha kiyoyozi na kuvuta chujio, likatoka limevaa blanketi la vumbi jeusi, lenye manyoya. Mama yake Mikono Miwili alilitazama kwa muda mrefu. "Kumbe tulikuwa tunapepewa na jalala," alisema. Kisha fundi akalifuata bomba hadi pale lilipopanda, akaonyesha jinsi maji yalivyoshindwa kupanda nalo, yakarudi, yakatafuta penye uwazi, yakauingia ukuta. Lipu ilikuwa imelainika, ukiibonyeza inaingia.

"Nilikwambia litapanda," fundi alisema.

"Uliniambia," Mikono Miwili alisema. "Na wewe ukalifunga hivyohivyo."

Fundi akakuna shingo. Wakaelewana kwamba wote wawili hawatalizungumza jambo hilo mtaani.

Bomba jipya likapitishwa kwenye ukuta wa nje. Likateremka, na katika wiki ya kwanza likaweka mchirizi wa kijani kwenye Mchanga wa Dhahabu, unaoonekana tangu mwanzo wa mtaa. Mikono Miwili alipita chini yake kila asubuhi akienda kazini. Siku za mwanzo alipita ameinamisha kichwa.

Utepe ukabanduliwa madirishani. Mashine ikazimwa wakati wa matengenezo, joto likarudi, na wageni wakapotea kama walivyokuja. Shangazi yule alipiga simu kujulia hali, akaulizia mashine kwanza. Mama yake Mikono Miwili akakumbuka kwamba ana kuku, na kuku hawawezi kukaa peke yao muda wote huo. Hakuna aliyemuuliza wamekaaje miezi yote iliyopita. Alipoondoka, alimkumbatia mwanawe mlangoni akamwambia, "Baba, mimi niliisikia ile harufu. Nilidhani ni godoro langu, nikaona haya kusema." Hapo Mikono Miwili akajua kasoro yake aliirithi wapi, akamsindikiza hadi barabarani bila kinyongo.

Kukwangua alikwangua mwenyewe, baada ya kazi, amevaa barakoa na glavu, madirisha wazi. Alidhani itakuwa kazi ya jioni moja. Rangi ilitoka kwa magamba makubwa, lakini lipu iliyooza ilibidi igongwe hadi kwenye tofali, na tofali nalo lilikuwa limelowa. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kungoja likauke. Yeye aliyezoea vitu vinavyokauka kwa saa nne, kama kopo linavyosema, alijifunza kukaa mbele ya ukuta usiokuwa na haraka. Aliugusa kila siku. Alimpigia mkewe akamwambia, "Leo bado," na kesho yake tena, "Leo bado." Zamani angesema tayari.

Mkewe alirudi ukuta ulipopigwa lipu mpya na kukauka, kifua kimemtulia, dawa ya kuvuta imelala mkobani bila kuguswa. Kiyoyozi kiliwashwa kwa kiasi, chujio likioshwa mara kwa mara, na madirisha yakifunguliwa kila asubuhi, makelele ya mtaa yaingie yakipenda. Alifanya kazi kituoni hadi karibu na siku ya kujifungua. Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, mzima, mwenye nywele chache sana. Msimamizi wa kituo ndiye aliyetangaza, na wapiga debe wakampa mtoto jina la utani ambalo wazazi wake walilikataa bila mafanikio.

Siku moja mwenye duka la rangi alikuja kumwona mtoto. Aliingia chumbani akasimama, akatazama ukuta ule ukiwa bado na lipu tupu, ya kijivu, na kona moja iliyopigwa vibaya kidogo.

"Wewe?" alisema. "Muuza rangi wangu analala kwenye ukuta mtupu? Kesho njoo uchukue kopo lolote unalotaka. Zawadi yangu kwa mtoto."

Mikono Miwili alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimnyonyesha mtoto karibu na dirisha.

"Ahsante, bosi," Mikono Miwili alisema. "Acha ukae hivi kwanza."

Mgeni alikunywa chai, akabeba mtoto, akauliza mbona hakuna baridi ile aliyoisikia inasifiwa. Akaambiwa ni saa ya kufungua madirisha. Hakukaa sana.